Breki ya Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 11 Machi

Friji nyuzi nne asubuhi, nyuzi tano jioni. Naanza hivyo kwa mazoea tu. Daftari hili lilikuwa la kuandikia joto la friji ya chanjo pale zahanati. Tulipoletewa jipya hili likabaki nusu tupu, nikalichukua kabla halijawa la kufungia karanga.

Leo Daktari katuita wote sita. Mvua imekula kingo za daraja, wameziba kwa magogo, na chochote chenye injini hakipiti. Wanapita watu na baiskeli. Kituo cha ng'ambo kinategemea chanjo zetu kila Jumanne na Ijumaa, na kasha la barafu halibebeki kichwani kilomita tisa. "Nani anaweza baiskeli?" akauliza. Wenzangu wote ghafla wakawa na la kuangalia sakafuni. Mkono wangu ukanyooka wenyewe, kama wa mtoto wa shule anayeomba kwenda chooni.

Nina miaka arobaini na tatu. Sijapanda baiskeli miaka ishirini na moja.

Jumanne, 12 Machi

Baiskeli ninayoijua mimi ni moja tu. Iko stoo, nyuma ya magunia, na ni ya Kaka. Ndoa yangu ilipovunjika nilirudi kwenye nyumba hii ya wazazi, nikamkuta yeye peke yake na meza yake ya kutengenezea redio, gongo lake la kutembelea limeegemezwa dirishani. Tunaishi vizuri. Yeye ananitania, mimi nampikia vibaya.

Nilimwomba akiwa ameinamia redio, bisibisi mkono wa kushoto. Hakuinua kichwa.

"Ile? Miguu yako haitafika chini, mdogo wangu."

"Nitajinyoosha."

"Haya, kajinyooshe. Mimi na yeye tulishapeana talaka."

Akacheka. Mimi sikuweza kucheka, nikaenda kuhamisha magunia.

Alhamisi, 14 Machi

Friji sikuangalia jioni. Nitaandika nyuzi nne, Mungu anisamehe.

Nimeenda kuchukua baiskeli kwa fundi wa pale kona. Huyu fundi ni rafiki wa Kaka tangu ujana, na kila Jumapili huja kwetu kucheza naye drafti. Moyo wake safi, ila mdomo wake hauna breki. Kanyoosha rimu ya mbele iliyokuwa imepinda vibaya, kaweka matairi na waya mpya. Kiti tu ndicho kilichomshinda: bomba lake limeshika kutu ndani, halipandi halishuki.

Nilikuwa nimeshaigeuza niondoke nayo alipouliza, "Sista, hii si ile ya Shoto?"

Shoto ni Kaka. Mjini kote hawamjui kwa jina lingine.

"Ndiyo hiyo."

"Basi kuna kitu sikielewi. Hizi breki nilimfungia mimi kwa mkono wangu, ilipokuwa mpya. Watu wote ya nyuma iko kulia, yeye akataka kushoto, maana mkono wake wenye akili ndio huo. Sasa nimekuta ya nyuma iko kulia. Nimeziacha hivyo hivyo, kwako ni sawa. Ila nani kazigeuza?"

"Sijui, fundi."

"Jumapili nitamuuliza mwenyewe."

Nimekaa kitandani, mlango nimeufunga kwa komeo. Naandika jambo ambalo sijawahi kulitamka hata nikiwa peke yangu bafuni.

Nilizigeuza mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nasomea uuguzi, na Kaka aliniazima baiskeli wiki mbili za mafunzo ya vitendo. Siku ya kwanza nusura nipae juu ya usukani, kwa sababu kila nikishika kulia linashika gurudumu la mbele. Nikachukua spana namba kumi, nikabadilisha waya mwenyewe, nikajiona fundi kweli. Nilisema nitazirudisha kabla ya kumpa.

Jumamosi alikuja mbio, nikiwa naanika nguo. Alikuwa anakwenda kuaga rafiki zake, maana Jumatatu alikuwa aanze kazi ya upimaji ardhi. "Naichukua!" alisema, akawa ameshapanda. Nilikuwa na vibanio vya nguo mdomoni. Ningeweza kuvitema. Nilijiambia atagundua mwenyewe akishika breki mara ya kwanza. Lakini kutoka kwetu hadi kileleni njia inapanda tu, hakuna pa kushika breki, kisha inakuja ghafla mteremko wa kiwanda cha matofali. Alishika kushoto kwa nguvu zake zote, akijua anashika ya nyuma.

Nyonga ilivunjika mara mbili. Kazi ya kupanda vilima ikaenda kwa mwingine. Baba akasema ni mbwembwe, kwa kuwa Kaka alikuwa na tabia ya kuachia usukani akipita mbele ya wasichana. Siku ileile Baba akaitupa baiskeli stoo. Tangu hapo Baba hakumwita Kaka kwa jina lake. Alimwita Mbwembwe, mbele ya wageni, mpaka anakufa. Na mimi nilikuwepo siku zote, nikimimina chai.

Ijumaa, 15 Machi

Safari ya kwanza. Ni baiskeli ya mwanamume mrefu, ina bomba la katikati, na kiti kiko juu mno. Pedali ikiwa chini naigusa kwa ncha ya kidole. Nikisimama lazima niegemee kitu, ukuta, mti, au mtu asiye na haraka. Mteremko wa kiwanda niliushuka kwa miguu, nimeikumbatia baiskeli kiunoni, kasha la barafu nyuma. Wafyatua matofali walinipigia makofi. Nilifika, chanjo ikiwa nyuzi sita.

Jumapili, 17 Machi

Mvua kubwa tangu alfajiri. Fundi hakuja. Sijawahi kuishukuru mvua namna hii.

Jumanne, 19 Machi

Magoti, mabega, na pale pa kukalia pasipotajika. Kaka kaniona natembea akasema, "Karibu kwenye chama."

Ijumaa, 22 Machi

Leo nimeushuka mteremko nikiwa juu ya baiskeli. Mkono wa kulia ulikuwa umekaza breki mpaka vidole vikafa ganzi. Kila mzunguko wa gurudumu nilikuwa nafikiria mkono wake wa kushoto.

Jumapili, 24 Machi

Fundi kaja saa nne, na mvua ikamwachia njia. Wamepanga kete za drafti barazani. Nilikaa nao, mimi ambaye sijui hata kete inakwenda upande gani. Nilichambua mchele ambao nilishauchambua jana.

Mara tatu fundi alifungua mdomo nikaacha kuchambua. Mara ya kwanza alitaka sukari. Ya pili alimtukana refa wa mpira. Ya tatu akasema, "Shoto, ile baiskeli yako bwana..." na mimi nikaangusha ungo. Mchele ukamwagika mpaka chini ya meza. Kaka akasema, "Dada yangu kazeeka kabla yangu," tukainama wote kuokota, na neno likapotea.

Nilimsindikiza fundi hadi getini nimpige breki mwenyewe.

"Usimuulize lile jambo la waya," nikamwambia.

"Kwa nini?"

Hapo ndipo ungetarajia mtu mzima aseme ukweli. Badala yake nilisikia sauti yangu ikisema, "Aliyezigeuza ni Baba. Aliona kushoto ni mambo ya kihuni. Tuyaache yalale."

Fundi akatikisa kichwa muda mrefu. "Mzee," akasema. "Haya, Sista. Nimenyamaza."

Nimemsingizia maiti. Tena baba yangu.

Jumatatu, 25 Machi

Friji nyuzi nne, nyuzi nne.

Jumanne, 2 Aprili

Nimeanguka. Si mteremkoni, ni hapa karibu na dampo, nikijaribu kusimama mahali pasipo na cha kuegemea. Mguu ulitafuta ardhi ukaikosa. Niliangukia tope laini, kasha likabaki limefungwa kwenye keria. Nikaingia nyumbani kama sanamu ya udongo.

Kaka hakunitania. Aliniangalia tu, kisha akaomba nimletee baiskeli pale mezani pake. Akaanza kumimina mafuta ya taa kwenye bomba la kiti.

Alhamisi, 4 Aprili

Siku ya tatu anapambana na lile bomba. Anamimina, anasubiri, anagonga kwa nyundo ya mpira, anamimina tena. Redio za watu zimepanga foleni. Anapogonga inambidi asimame na mguu mbaya, uso unamkunjana, lakini ukimwambia aache anaimba kwa makusudi ili asikusikie.

Saa kumi kiti kimesogea. Kakishusha vidole vinne. Pale kilipokuwa pamebaki alama, chuma kinang'aa kama kipya.

"Urefu wangu wa zamani huo," akasema. "Haya, panda."

Nilipanda. Miguu yote miwili ikafika. Nilimshukuru nikaingia ndani haraka, nikafungua bomba la maji lipige kelele.

Jumapili, 7 Aprili

Nilikuwa zamu. Nilirudi saa tisa, nikakuta kete zimeachwa katikati ya mchezo na fundi ameshaondoka. Sebuleni, ukutani, pale inapokaa picha ya Baba, palikuwa na mstatili mweupe na msumari.

Kaka alikuwa mezani, hakuna redio mbele yake.

"Picha iko wapi?"

"Chini ya meza. Nimeielekeza uso ukutani, Baba aone inavyokuwa."

Akanieleza polepole, kama anayehesabu dawa. Fundi kajizuia wiki mbili, leo kashindwa, kamwaga mtama wote. Kwamba breki ziligeuzwa, kwamba aliyezigeuza ni Baba.

"Kwa hiyo alijua," Kaka akasema. "Mzee yule alijua. Alisimama pale kitandani kwangu hospitali akaniambia mbwembwe zimeniponza, na alijua. Unajua mimi mwenyewe nilianza kuamini? Nilijiambia labda kweli niliachia usukani, labda kichwa kiligonga nikasahau. Miaka yote hii najihoji kwa kosa la mtu mwingine."

Alikuwa analia bila sauti. Sijamwona akilia hata walipomtoa bandeji. Nilikuwa nimesimama na begi begani. Nilisema, "Pole, Kaka."

Pole! Nijiandike hapa nilivyo: mwoga wa daraja la kwanza.

Jumatatu, 8 Aprili

Hajala.

Jumanne, 9 Aprili

Safari ya ng'ambo. Sikumbuki njia. Muuguzi wa kule kaniuliza mara mbili kama naumwa.

Jumatano, 10 Aprili

Nimemwambia.

Nilirudi kazini nikamkuta amelitoa sanduku la Baba, miwani, fimbo, koti, kila kitu kimewekwa kwenye kiroba. Akasema kesho anayepita na takataka atachukua. Nikaona nikinyamaza leo, Baba anatupwa jalalani kwa kosa langu, na mimi nitasaidia kushika kiroba.

Nikamwambia akae. Akasema hakai. Nikamwambia hivyo hivyo akiwa amesimama. Spana namba kumi, wiki mbili za mafunzo, nguo nilizokuwa naanika, vibanio mdomoni. Nikamwambia na la getini, nilivyomsingizia marehemu. Sikulia, nilikataa kulia, kwa sababu nilijua nikilia atanibembeleza.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kitu kimoja tu.

"Ulipata habari saa ngapi kuwa nimeanguka?"

"Saa nane."

"Na saa nane hiyohiyo ukajua kwa nini?"

"Saa nane hiyohiyo."

Akachukua gongo, akaingia chumbani kwake. Nilibaki nikitoa vitu vya Baba kwenye kiroba kimoja kimoja. Miwani ina kioo kimoja.

Alhamisi, 11 Aprili

Friji nyuzi nne. Kaka hajasema neno.

Ijumaa, 12 Aprili

Ng'ambo na kurudi. Kaka hajasema neno.

Jumapili, 14 Aprili

Fundi kaja, Kaka kamwambia kupitia dirishani hachezi. Fundi akaniangalia, nikamwambia ukweli pale pale kwenye matone ya mvua. Akavua kofia, akaivaa tena. "Sista," akasema, "mimi mdomo wangu una sifa mbaya, lakini wako umenishinda." Akaondoka.

Kaka hajasema neno.

Alhamisi, 18 Aprili

Nilisikia vyuma vinagongana kwenye meza yake mchana, nikiwa jikoni. Nilidhani karudi kwenye redio. Nikafurahi kidogo.

Ijumaa, 19 Aprili

Nitaandika yote.

Asubuhi mvua ilikuwa inapiga bati mtu hasikii hata mawazo yake. Nilifunga kasha kwenye keria. Nikaona kwenye usukani, kwenye breki ya kushoto, pamefungwa kitambaa chekundu. Kaka hufunga vitambaa hivyo kwenye redio zenye hitilafu, asije akazichomeka umeme akasahau. Nilikiona. Nikadhani kaniwekea cha kupangusia mikono, nikasema moyoni, kumbe anaanza kulainika. Nikapanda nikaondoka.

Njia inapanda tu hadi kileleni. Hakuna pa kushika breki.

Mteremkoni maji yalikuwa yanakimbia pamoja nami. Nikashika kulia, kama kawaida. Gurudumu la mbele likagoma. Nilihisi kiti kinaniinua, kasha linanisukuma mgongoni, na nikaona matofali kule chini, mekundu, yamepangwa vizuri. Kufumba na kufumbua nikaelewa kitambaa. Nikaachia kulia. Nikashika kushoto. Nyuma ikatua, ikaburuta, ikaserereka, nikaingia kwenye rundo la mchanga wa kiwanda kwa bega.

Nimechubuka goti na kiwiko. Wafyatua matofali wamenisimamisha. Chanjo nyuzi tano. Niliifikisha kwa miguu, nikikokota, maana kule watoto walikuwa wamepangwa kwenye benchi.

Niliporudi nilimkuta Kaka getini. Si barazani, getini, kwenye tope, na gongo lake, ameloa mpaka mifupa. Alikuwa hapo tangu nilipotoka. Tangu saa mbili hadi saa nane.

"Umegeuza breki," nikamwambia.

"Nimezirudisha zilivyokuwa."

"Ungeniua!"

"Nilikufungia kitambaa."

"Nilidhani ni cha kupangusia!"

"Nilikuja nyuma yako nikuite. Nilikuita mpaka sauti ikakauka, mvua hii haikunipa nafasi. Mguu huu haukimbii." Akajipangusa maji usoni. "Nilitaka ujue kinavyokuwa, kushika ukakosa. Pale pale uani, kabla hujatoka, ushtuke tu. Sikutaka ufike kule. Wallahi sikutaka. Lakini mimi nilikufungia kitambaa. Wewe hukunifungia hata uzi."

Nikamwambia, "Nisamehe." Neno hilo nilikuwa sijalisema bado, siku ile nilisema kila kitu isipokuwa hilo. Akasema, "Leo siwezi." Nikasema sawa. Nikamshika mkono upande wa mguu mbaya, hakuuondoa, tukaingia ndani taratibu tukiwa wawili wenye kuchechemea.

Jumamosi, 20 Aprili

Kaniuliza kama nataka azigeuze tena, zikae kulia.

"Ziache," nimemwambia. "Nitajifunza za kwako."

Kitambaa nimekiacha hapo hapo.

Ijumaa, 26 Aprili

Mkono wa kushoto mjinga kweli. Natembea nikiukumbusha: wewe, wewe, wewe.

Jumapili, 5 Mei

Drafti imerudi. Fundi kafungwa mara nne, ananong'ona. Picha ya Baba imerudi kwenye msumari. Nilipoipita Kaka akasema, bila kuinua kichwa kwenye kete, "Yeye bado ana kesi ya kuniita Mbwembwe. Lakini kesi ni hiyo moja."

Kuhusu kesi yangu hakusema kitu.

Jumanne, 14 Mei

Jua siku nne mfululizo. Njia imekauka, inatoa vumbi.

Ijumaa, 24 Mei

Friji nyuzi nne asubuhi, nyuzi nne jioni.

Daraja limefunguliwa. Kuanzia Jumanne gari linapeleka chanjo, na mimi narudi kwenye kiti changu cha kupima watoto uzito. Nimeiosha baiskeli uani. Nilikuwa naipeleka stoo Kaka aliponiita.

"Lete hapa. Pandisha kiti."

Nilikipandisha mpaka kwenye ile alama inayong'aa. Akaegemeza gongo ukutani. Nilitaka kusema daktari wa mifupa alikataza, nikajizuia. Akapitisha mguu mzuri juu ya bomba, akakaa, akashika breki ya kushoto, akaisikiliza. Gurudumu la nyuma likashika.

Alinifundisha mimi uani hapa hapa, nikiwa na miaka minane. Alinishika kwa nyuma akasema hataachia, kisha akaachia kimyakimya, na nilipogeuka nikamwona mbali, nikaanguka kwa hasira. Amekuwa akinicheka kwa hilo maisha yote.

"Nishike keria," akasema.

"Nimeshika."

"Ukiachia, sema."

"Nitasema."

Akasukuma pedali. Tukaenda hadi kwenye kamba ya nguo, tukageuka, tukarudi, tukaenda tena. Alikuwa mzito, mikono iliniuma, jasho likaniingia machoni nisione mbele. Kila tukifika kwenye kamba alikuwa anauliza bila kugeuka, "Bado?" Nami nikimjibu, "Bado nimeshika, Kaka." Na kweli nilikuwa nimeshika.